Nani Anamwogesha Zahran?

Mkokotoni
4 Novemba 2024

Shangazi yangu mpendwa, Bi Bashira,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka kwa wote wa huku. Natumai goti limepoa na zile ngazi za nyumba yako hazikutesi sana. Mama mkwe wangu, Bi Mwanakheir, anakusalimu na anasema ule mkaja ulionifunga umenirudishia tumbo la usichana. Mume wangu Mmanga naye anakusalimu. Kazi yake ya kutengeneza mashine za boti imechangamka, na mikono haimkauki grisi.

Tulifika salama. Nilikuta nyumba imepakwa chokaa, mlangoni pazia jipya, na chumbani pamefukizwa udi mpaka nikapiga chafya. Kuku wa mama mkwe wamezidi. Yuko jogoo mmoja ana tabia ya kuingia ukumbini akasimama mbele ya televisheni, ungedhani anasubiri taarifa ya habari. Mmanga amejaribu kumfukuza kwa ufagio, kwa maji, hata kwa maneno, lakini anarudi tu. Shuleni wananisubiri Januari, na mwalimu mkuu amenihakikishia darasa langu ni lile lile.

Mtoto hajambo. Mama mkwe anakuja kila asubuhi kumwogesha.

Nakushukuru kwa arobaini yangu, Shangazi. Tangu nitoke hospitali mpaka siku ninaondoka kwako sikunyanyua hata kijiko. Kukandwa maji ya moto, uji wa pilipili manga, supu ya pweza, kisha kulala. Wewe na jirani yako Bi Salhiya mlinilea kama yai. Hakuna mzazi Unguja hii aliyetunzwa kama mimi, na kila anayeniuliza namwambia hivyo.

Nimejaribu kukupigia simu. Umenijibu mambo nisiyokuuliza, halafu ukakata. Basi naandika. Barua anakuletea Bwana Ubwa, yule anayepeleka pweza soko la Malindi, huko Mjini. Amekubali kuwa posta yetu, ila usishangae karatasi ikinuka samaki wa ng'onda.

Mwanao,
Tamima


Sokomuhogo, Mjini
13 Novemba 2024

Tamima mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua imefika, na kweli inanuka. Paka wa Salhiya ameifuata mpaka ghorofani na amekaa hapa miguuni pangu akinitazama ninavyoandika.

Mimi mzima. Goti linakwenda na mawingu: likiona mvua linaanza kulalamika kabla ya bati. Daktari kanikataza safari ya gari mpaka liteme uvimbe, la sivyo ningekuwa nimekwishakuja kumwona huyo jogoo. Salhiya anakusalimu. Amegombana na muuza maji, wamepatana, na wamegombana tena.

Suud mwanangu kaniletea maneno kutoka Maskati, ati niende nikapimwe masikio nivae kidude. Nimemwambia kidude atavaa yeye. Mimi nasikia vizuri, ila watu wa siku hizi wanazungumza ndani ya midomo. Na ile simu kubwa aliyoninunulia nimempa Salhiya, maana maandishi yake madogo kama chawa. Mtu akinitaka aandike kwa kalamu, kama ulivyofanya wewe mwenye adabu.

Sasa tuje kwako. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena baada ya alasiri. Jogoo umenieleza mpaka namjua anavyosimama. Mwanao umenambia hajambo, basi. Zahran yule aliyeondoka hapa mashavu yanaanza kujaa? Amecheka? Lile jicho lililokuwa likitoa tongo limepona? Anafanana na nani sasa, maana alipozaliwa alifanana na marehemu baba yako mpaka nikaona haya kumbadilisha nepi.

Na wewe unalala?

Niandikie hayo. Habari za kuku zitakuja nyuma.

Shangazi yako,
Bashira


Mkokotoni
22 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Bwana Ubwa alipita mara kadhaa kuuliza kama nina barua nikamwambia bado. Mambo yalikuwa mengi, ingawa ukiniambia niyataje sitayakumbuka.

Sote wazima. Mama mkwe ana furaha kwa sababu binti yake wa Pemba, Maha, anakaribia kujifungua, naye atakwenda kumkanda na kukaa naye arobaini. Ataondoka mwisho wa Januari. Mmanga anasema tutaweza wenyewe. Siku hizi Mmanga hatoki mapema. Anazungukazunguka ndani, anakaza misumari ambayo haikulegea, na wateja wake wanamfuata nyumbani kumuuliza mashine zao.

Jicho limepona. Anafanana na marehemu baba, kweli. Wanasema anacheka.

Nilitaka kukuuliza kitu, si muhimu. Ulipokuwa ukituogesha sisi wadogo, mimi na Suud, uliwahi kuogopa maji? Nauliza tu.

Shule nimeomba waniongeze muda kidogo bila ya mshahara. Wamekubali.

Mwanao,
Tamima


Sokomuhogo
26 Desemba 2024

Tamima mwanangu,

Marahaba. Sina habari za huku leo. Paka mzima, goti zima, Salhiya mzima.

Umeniandikia "wanasema anacheka". Wewe hukumwona akicheka? Uko nyumba moja naye. Na umenuliza habari ya maji, kisha ukaniambia unauliza tu. Mimi nimekulea tangu mama yako alipotangulia mbele ya haki, na wewe hujapata kuuliza kitu tu. Ulipokuwa mdogo ukiniuliza kama sahani za kauri huvunjika, nilikuwa najua tayari iko moja chini ya kitanda.

Nimekaa nikafikiri jambo moja, nikamwita Salhiya tukafikiri pamoja. Arobaini nzima ulipokuwa hapa, nani alimwogesha Zahran? Mimi. Nani alimvisha? Salhiya. Akilia nani alimbeba? Aliyewahi. Wewe tulikupa mtoto wakati wa kunyonya, akishiba tukamchukua, tukakwambia lala. Siku moja ulinyoosha mikono umpokee ametoka kuoga, nikakwambia acha, wewe mzazi, usishike maji ya baridi. Ukairudisha mikono ndani ya kanga. Nimeikumbuka leo ile mikono. Tulikusudia raha yako, mwanangu, na tukakufanya mgeni wa mwanao. Na mkweo naye, kwa wema wake, anaendelea tulipoishia sisi.

Lakini sidhani kama ni hilo peke yake. Unamjua Ulfat, binti wa Salhiya. Alipozaa yule wa kwanza alikaa akiutazama ukuta. Watu wakasema mengi, wengine shetani, wengine kijicho, wengine ati uvivu. Mama yake akamsomea, na akampeleka kwa daktari vilevile, maana dua na daktari hawajapata kugombana. Yalikuwa maradhi ya uzazi, yana jina na yana tiba. Leo ana watoto watatu na anampigia kelele kila mtu barabara nzima.

Basi nijibu. Unaogopa nini kwenye hayo maji? Andika kama linavyokuja, usilipambe.

Shangazi yako,
Bashira


Mkokotoni
15 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Naandika mtoto amelala na mama mkwe yuko nje, kwa hiyo nitakwenda haraka kabla sijaghairi.

Kila asubuhi mama mkwe anakaa kwenye kibao, ananyoosha miguu, anamlaza Zahran juu ya miguu yake na kummiminia maji. Mimi nasimama mlangoni na taulo. Na kila asubuhi naiona mikono yangu pale badala ya yake, na namwona anateleza, na mimi namtazama tu simdaki. Silitaki, Shangazi. Wallahi silitaki. Lakini linanijia, na sasa linanijia hata nikiwa napika, hata nikiwa kwenye sala. Ndiyo maana simshiki ila kunyonyesha, na nikinyonyesha nakaa chini kabisa sakafuni asiwe na pa kuanguka. Namtazama usoni kidogo kisha natazama pembeni. Namwona mzuri. Namwona wa watu.

Uliniuliza kama nalala. Yeye analala, mimi nasikiliza kama anapumua.

Mama mkwe ataondoka, Mmanga atarudi kazini, na mimi nitabaki na mtoto peke yangu ndani ya nyumba. Siwezi. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Mmanga anajua liko jambo, hajui nini. Anakonda. Ananichekesha kwa vichekesho ambavyo havichekeshi, na nisipocheka anakwenda kukaza misumari.

Kliniki ya watoto pale kituoni yuko nesi, Bi Khairat, mtu mzuri. Siku ya chanjo aliniuliza: nalala vipi, nalia bila sababu, nina mawazo yanayonitisha? Nilimjibu vizuri, hapana, hapana. Aliniambia wanakaa Jumatano, wazazi wapya, chumba cha nyuma, wanazungumza. Sikwenda. Mlango wa kile chumba uko mbele ya benchi wanapokaa wanawake wote wa mji huu wakisubiri mizani. Nikiingia tu, jioni itakuwa imeshafika kwa mama mkwe kuwa mwalimu Tamima anatakiwa Kidongo Chekundu kwa vichaa. Na nikimweleza nesi kitu hiki ninachokiona, je, wakininyang'anya mtoto?

Ichane barua hii.

Tamima


Sokomuhogo
16 Januari 2025

Mwanangu, roho yangu,

Ubwa nimemkalisha chini kwa Salhiya na sahani ya biriani, haondoki mpaka nimalize.

Sikuichana. Sina aibu nayo, na wewe huna cha kuonea aibu. Ulfat nimemwita nikamuuliza, bila ya kukutaja, kama yeye alikuwa akiona mambo kama hayo. Akanijibu, "Shangazi, mie nlikuwa naona ngazi. Kila nkishuka ngazi na mtoto, namwona kesharuka." Alimwambia daktari. Hakunyang'anywa mtu. Daktari akamwambia wazo kama hilo humjia mama mwenye hofu nyingi juu ya mwanawe, na kulifikiri si kulitaka.

Mwambie Mmanga leo. Yule kijana anakaza misumari kwa sababu hajui kingine cha kukaza. Mpe kazi.

Kisha nenda kwa Khairat na umwambie yote uliyoniambia, usimpe yale majibu yako ya vizuri, hapana, hapana. Najua benchi ni refu. Nami nna benchi langu. Pale wanapopima masikio, Suud keshanilipia miadi zamani, na mimi siendi. Si kwamba nasikia, Tamima. Sisikii. Nimeacha kwenda maulidi kwa sababu watu wakicheka sijui wanacheka nini, nami nacheka baadaye peke yangu. Nimesema ni goti. Sitaki waseme Bashira, aliyekuwa akivunja watu mbavu harusini, sasa kiziwi na kidude sikioni.

Basi tupatane. Wewe upite mbele ya benchi lako, mimi nipite mbele ya langu. Asiyekwenda hana haki ya kumhoji mwenziwe.

Ubwa anakuletea na beseni. Ni lile la bati lenye maua mekundu nililokuwa nikikuogeshea wewe. Miguuni mtoto huteleza, na mimi mwenyewe sikuwa hodari. Ndani ya beseni mtoto anakaa. Liweke tu pembeni. Sijakwambia ulitumie.

Shangazi yako,
Bashira


Mkokotoni
12 Februari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti je? Sote wazima. Safari hii naandika hivyo na nusu yake ni kweli, na nusu ni nyingi ukilinganisha na nilipokuwa.

Nilimwambia Mmanga siku ile ile. Alikuwa na spana mkononi. Akaiweka chini taratibu, akakaa, akalia, mwanamume mzima. Alikuwa akidhani nimemchoka yeye, kwamba nataka kurudi mjini na sijui pa kuanzia. Usiku halali kwa kusikiliza kama mimi nalala. Tukacheka, maana kumbe chumba kizima tulikuwa tunamlinda mtoto aliyelala fofofo.

Jumatano akanisindikiza. Benchi lilikuwa limejaa, na lilinitazama kama nilivyojua litanitazama. Miguu ilitaka kugeuka. Mmanga akawasalimia wote kwa jina, mmoja mmoja, akawauliza na habari za mashine za waume zao, na mimi nikapita wakati wanajibu. Ndani tulikuwa wanawake sita. Mmoja ni mke wa imamu. Nilipomaliza kusema, mke wa imamu akaniambia yeye huona kisu. Sikufurahi kwa ajili yake, lakini nilipumua.

Bi Khairat aliniuliza maswali yale yale, nikayajibu kweli. Akanikutanisha na daktari anayetoka mjini kuja kituoni. Daktari akanisikiliza mpaka mwisho, hakuandika huku nazungumza, na akanipa dawa ninayoweza kumeza huku nanyonyesha. Hakuna aliyetaja kunichukulia mtoto. Wameniambia hofu haitafutika kwa kuikimbia. Nisogee kidogo kidogo.

Mama mkwe ameondoka. Nilimweleza mwenyewe kabla hajapanda boti, sikutaka apewe habari na benchi. Aliweka mkoba wake chini. Kisha akasema, "Mwanangu, nlidhani nakupumzisha." Akanibusu kichwani. Yuko Pemba sasa, na nasikia Maha anaambiwa amwogeshe mwanawe mwenyewe tangu siku ya kwanza, analalamika.

Kwa sasa anayeogesha ni Mmanga. Ungemwona! Anamkagua kila kiungo kama anatafuta mafuta yanavuja wapi. Majirani walikuja kuchungulia, mwanamume akimsabuni mtoto mchanga, na jogoo alikuwa katikati yao. Mimi nilianza na taulo. Sasa namimina maji, na wiki hii nimeosha miguu. Zile picha zinakuja bado. Zikija nasema, haya, mmekuja, nami naendelea kuosha vidole.

Beseni tunalitumia. Benchi langu nimelipita. Lako je?

Mwanao,
Tamima


Sokomuhogo
4 Machi 2025

Tamima mwanangu,

Marahaba, na Ramadhani karimu. Barua yako nimeisoma kwa sauti, na Salhiya amelia kwenye unga wa sambusa. Mmanga mwambie namwombea kila nikifuturu.

Habari za huku. Tende zimefika nzuri mwaka huu. Mafundi wamepanda kuziba paa, wameziba pasipovuja. Paka kazaa, watoto wanne, na hakuna anayemwogeshea.

Goti limenywea, alhamdulillahi.

Naona karatasi bado ina nafasi. Haya. Nilikwenda. Nilifika mpaka mlangoni, nimejifunika mtandio mpaka puani. Nikachungulia, nikamwona Bi Tabia wa Kiponda, yule anayejua ya kila mtu, amekaa kule ndani. Nikageuka. Muuguzi akaniita nyuma, mimi nikaendelea kutembea, na safari hii nilimsikia vizuri kabisa.

Usinihoji.

Shangazi yako,
Bashira


Mkokotoni
15 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nitakuhoji.

Mimi nimepita mbele ya benchi zima la wanawake wa Mkokotoni. Wewe umeshindwa na Bi Tabia mmoja? Na hukujiuliza Bi Tabia alikuwa akitafuta nini mahali panapopimwa masikio? Alikwenda kununua samaki?

Sisi wazima. Daktari amesema nisifunge mwaka huu, nami nimekubali bila ya ubishi. Nalala. Wiki iliyopita nilikuwa na siku mbaya, moja, ya kulia tangu asubuhi, nikadhani yote yamerudi. Nilimpigia Bi Khairat simu, akaniambia siku mbaya ni siku, haijawa wiki. Mke wa imamu akaja akakaa na mimi tukamenya viazi. Jioni ilipita.

Zahran anacheka. Hili silisemi kwa kuambiwa. Nimemwona mimi, alimcheka jogoo. Nilikaa nikamtazama mpaka uji ukaungua, na nilimpenda, Shangazi, nilimpenda mpaka kifua kikaniuma. Sikujua kama huja hivyo, katikati ya kazi za jiko.

Jana nilimsabuni mimi, mwili mzima. Mmanga alikaa kizingitini, ametupa mgongo. Aliniuliza kila dakika, "Vipi?" nikamjibu, "Vyema." Hapo ndipo nilipofika. Peke yangu kabisa, mlango umefungwa na Mmanga yuko pwani, bado sijaweza. Nimemwambia arudi kazini baada ya Idi. Nimesema hivyo mbele ya kundi lote la Jumatano ili nisipate pa kurudia nyuma. Naogopa, lakini nimesema.

Nataka nikupigie simu siku ya Idi unisikie. Nataka umsikie na yeye. Kwa hiyo jifunike mtandio mpaka puani ukitaka, lakini safari hii ingia.

Mwanao,
Tamima


Sokomuhogo
5 Aprili 2025

Tamima mwanangu,

Idi njema kwako, kwa Mmanga, na kwa huyo jogoo. Mkweo mfikishie salamu zangu Pemba na pongezi za mjukuu.

Najua tumezungumza jana kwa simu na utashangaa barua ni ya nini. Liko jambo nililokuficha, nami sikuweza kulisema kwa mdomo.

Niliingia, kama ulivyonambia. Bi Tabia alikuwa hapo tena. Tulitazamana. Kisha akausogeza mtandio wake kidogo, nikaona anacho kidude, tena muda mrefu, na ndiyo sababu anajua ya kila mtu! Tumecheka mpaka muuguzi akatutuliza. Tangu nivae changu nimesikia mambo. Muadhini wetu ana mafua. Ngazi zangu zinalia. Salhiya, niliyedhani ni mtu mpole ila kwa muuza maji, kumbe ananisema huku anapanda juu kuniletea chai, na amekuwa akinisema miaka.

Siku ya Idi simu haikushika kwa kelele za wageni. Jana asubuhi ukapiga. Salhiya akanipa ile simu yake, au yangu, na mimi nikaiweka sikioni na kabla ya sauti yako nikasikia maji. Nikasikia kiganja kinapiga maji, na mtoto anajichekea, na bati la beseni linalia pale panapopindika. Naujua ule mlio. Nikakuuliza, "Nani anamwogesha huyo?"

Ukasema, "Mimi, Shangazi."

"Na nani mwengine?"

"Hakuna mwengine. Mmanga keshakwenda pwani. Simu nimeiweka juu ya kibao. Ngoja nimuoshe nyuma ya masikio."

Na ukaendelea. Ulikuwa unazungumza naye. Ukamwambia fumba macho. Ukamwambia Zahran, bwana mkubwa, nipe mkono wa pili. Kisha simu ikakatika, na baadaye ukamletea Salhiya ujumbe ukilaumu mtandao.

Mtandao haukuwa na neno. Niliikata mimi. Kilio kilikuwa kinakuja, na nilijua ukinisikia nalia utadhani nimepatwa na jambo, utashtuka, na mikono yako ilikuwa na kazi. Nikakata, nikakaa kwenye ngazi ya pili nikalia mpaka nikaridhika, na paka na wanawe wote wakaja kunitazama.

Goti limeruhusiwa safari. Nakuja Jumatano ijayo na Ubwa, nitakaa mbele, na pweza wake watakaa nyuma. Sitamwogesha mtoto. Nitakaa mlangoni na taulo.

Kabla ya hapo nipigie kila asubuhi wakati huo huo, simu uiweke pale pale juu ya kibao. Huna haja ya kuniambia kitu. Na ukisema usipige makelele, mwanangu. Nasikia.

Shangazi yako,
Bashira